Sarafu moja: mkulima wa Usinge ataulizwa lini?

Soko la tumbaku likifunguliwa hapa Usinge, bei ya dola huulizwa barabarani na watu ambao hawajawahi kuishika dola mkononi. Tumbaku ya mvuke hupangiwa bei kwa dola. Mbolea na dawa tulizokopeshwa kabla ya mvua nazo huandikwa kwa dola. Mkulima anapokea shilingi, na kati ya dola na shilingi kuna namba moja ya siku hiyo inayoamua kama mabati yatanunuliwa mwaka huu au nyumba itaezekwa tena kwa nyasi. Nilikuwa karani wa chama cha msingi cha wakulima hapa wilayani Kaliua hadi nilipostaafu, na sasa nauza dagaa na mawese ya Kigoma karibu na stesheni. Namba ile nimeiandika kwenye madaftari msimu baada ya msimu. Habari ya sarafu moja ya Afrika Mashariki siwezi kuichukulia kuwa ni ya wakubwa wa Arusha peke yao.

Naitaka sarafu hiyo. Nalisema mapema, maana kuna wanaodhani kila mwenye swali ni mpinzani wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mji wetu umekaa kwenye reli ya kati, baina ya Tabora na Kigoma. Upande mmoja kuna bandari ya Dar es Salaam, upande wa pili kuna Ziwa Tanganyika, Burundi na Kongo. Mtu anayeishi hapa hawezi kujifanya majirani hawamhusu. Lakini serikali inajiandaa kwa hesabu za wizarani tu, na maandalizi ya namna hiyo yatatuumiza. Pesa ni ya anayeitolea jasho. Kabla haijabadilishwa jina na mtunzaji, mwenyewe aambiwe nchi inapimwa kwa vigezo gani, imefaulu wapi, imekwama wapi, na mwaka mbaya ukija nani atambeba.

Itifaki ya Umoja wa Fedha ilisainiwa Kampala tarehe 30 Novemba 2013 na nchi tano: Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi. Iliweka miaka 10, sarafu iwe imefika 2024. Mwaka huo umepita, na sasa unaotajwa ni 2031. Huku nyuma Jumuiya imekua hadi nchi nane, baada ya Sudan Kusini kuingia 2016, Kongo 2022 na Somalia 2024. Masharti makuu ni manne. Mfumuko wa bei usizidi asilimia 8. Nakisi ya bajeti, misaada ikiwa imehesabiwa, isizidi asilimia 3 ya Pato la Taifa. Deni la taifa, kwa thamani yake ya sasa, lisizidi asilimia 50 ya pato hilo. Akiba ya fedha za kigeni itoshe kuagiza bidhaa kwa miezi minne na nusu. Nchi itimize yote hayo kwa miaka mitatu mfululizo, na zikipatikana nchi tatu zilizofaulu, zinaweza kuanza bila kuwangoja wengine.

Sharti hilo la nchi tatu watu wengi hawalijui, nalo kwetu ni zito kuliko yote. Maana yake siku moja Tanzania inaweza kuwa ndani pamoja na Kenya na Uganda, huku Burundi na Kongo wakiwa nje. Kwa mtu wa Dar es Salaam au Arusha hiyo ni sawa tu. Kwa sisi wa huku, ambao mzigo wetu unakwenda magharibi, sarafu ya pamoja itakuwa imetuunganisha na Nairobi na kutuacha vilevile na Bujumbura. Je, serikali yetu inataka kuwa kati ya hao watatu wa kwanza, au itangoja? Swali hilo lilipaswa kujadiliwa bungeni Dodoma kwa sauti kubwa, redio zikirusha.

Kwenye mfumuko wa bei Tanzania imefanya vizuri, na anayestahili sifa apewe. Kwa zaidi ya miaka 10 tumekaa chini ya asilimia 8, na katika miaka ya karibuni tumekuwa kwenye asilimia 3 na 4, hata pale Kenya na Uganda zilipopita asilimia 9 mwaka 2022. Deni letu nalo liko chini ya mstari, wakati la Kenya limeuvuka. Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania iliacha utaratibu wake wa zamani wa kusimamia kiasi cha fedha, ikaanza kutumia riba yake yenyewe, asilimia 5.5, kisha 6 kuanzia Aprili. Mabadiliko hayo yalikuwa sehemu ya kujioanisha na benki kuu nyingine za Jumuiya. Ni hatua kubwa ya maandalizi. Nimewauliza wajumbe wa bodi za vyama vya msingi kadhaa huku kama kuna aliyewahi kuelezwa inahusu nini, na hakuna.

Basi nilieleze mimi jambo moja linalotokana nayo. Februari 2024 riba ya Benki Kuu ya Kenya ilikuwa asilimia 13, kwa sababu shilingi yao ilikuwa imeporomoka hadi karibu 160 kwa dola na ilibidi iokolewe. Ya kwetu wakati uleule ilikuwa 5.5. Tungekuwa na Benki Kuu moja ya Afrika Mashariki mwezi ule, ingepanga ngapi? Ikipanga 13, mkulima wa Kaliua na mwenye duka la pembejeo Urambo wanalipa riba ya matatizo yaliyozaliwa Nairobi. Ikipanga 5.5, Wakenya wanaachwa na shilingi inayozama. Ikipanga katikati, wote wanaumia. Ninaamini jambo hilo linaweza kupatiwa njia, lakini njia hiyo itafutwe kabla ya kuingia, na anayelipa riba awepo pale inapotafutwa.

Sasa twende kwenye meza ya chama, maana hapo ndipo mambo haya yanapoonekana kwa macho. Tuchukulie mkulima ana kilo 1,000, na wastani wa madaraja yake umetoka dola 2 kwa kilo. Ana dola 2,000. Mwaka 2024 dola ilipanda hadi ikapita shilingi 2,700, kisha kabla mwaka haujaisha ikashuka hadi karibu 2,400. Kwa bei ya juu mkulima huyu ana shilingi 5,400,000. Kwa bei ya chini ana 4,800,000. Kilo ni zilezile, mteuzi kampa daraja lilelile, na shilingi 600,000 hazipo. Deni la pembejeo nalo ni la dola, kwa hiyo hapo anapata nafuu kidogo. Lakini vibarua aliwaahidi shilingi, kuni za bani la kukaushia tumbaku alizinunua kwa shilingi, na michango ya shule haisomi bei ya dola.

Nakumbuka siku moja ya malipo, mzee mmoja wa kijiji cha jirani alikaa mbele yangu na karatasi yake ya mauzo. Kusoma namba alijua, ila macho yalikuwa yameanza kumsumbua, akaniomba nimsomee safu moja moja. Kilo. Daraja. Bei. Jumla kwa dola. Makato ya pembejeo. Ushuru wa chama. Tulipofika safu ya kubadilishia akaweka kidole juu yake, kidole cheusi kwa gundi ya tumbaku isiyotoka kwa sabuni, akasema, “Mwanangu, hii kaiweka nani?” Nikamjibu, “Ni bei ya soko, baba, inatoka benki.” Hakukiondoa kidole. “Na benki kaiambia nani?”

Leo swali la mzee huyo lina pa kuanzia. Kuna Benki Kuu yetu, kuna Wizara ya Fedha, na kuna mbunge wa Kaliua ambaye anaweza kusimama Dodoma akambana waziri. Shilingi ikishakuwa ya nchi nane, uamuzi utahamia kwenye Benki Kuu ya Afrika Mashariki, na anayeiuliza maswali atakuwa Bunge la Afrika Mashariki. Wabunge wetu kule ni tisa, na wanachaguliwa na wabunge wenzao wa Dodoma. Sisi hatuwapigii kura. Sijawahi kumwona mmoja wao akishuka kwenye treni hapa kuja kueleza alichokwenda kutusemea. Hilo linaweza kurekebishwa bila kusubiri sarafu, na kama halirekebishwi sasa, sioni kwa nini litarekebishwa baadaye.

Kuna jambo jingine ambalo wachumi wanalijua vizuri na wananchi hawaambiwi. Nchi yenye sarafu yake, mauzo yake ya nje yakianguka, sarafu inashuka. Kampuni za tumbaku zikipunguza makisio, au pamba na korosho zikikosa bei, dola zinaadimika na anayeuza nje anapata shilingi nyingi zaidi kwa dola yake. Ni dawa chungu, kwa sababu mafuta na mbolea vinapanda bei. Hata hivyo ni dawa, na tukiingia kwenye sarafu ya pamoja tunaitoa mkononi. Ugiriki iliingia kwenye euro 2001. Madeni yalipoibana kuanzia mwishoni mwa 2009, haikuwa na sarafu yake ya kushusha, ikabaki kukata mishahara na pensheni za watu wake kwa miaka. Na Ulaya ni matajiri, walikopeshana mabilioni. Jumuiya yetu haina mfuko wa kumnyanyua mwanachama aliyeanguka, na hata bajeti yake ndogo ya Arusha hukwama kwa nchi kuchelewesha michango.

Njia hii tunayoishi imekwisha kupitisha pesa za kila namna. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwa kupitia Tabora kwenda Ujiji ilibeba pesa yake mabegani mwa Wanyamwezi: merikani, kaniki, nyaya za shaba, ushanga. Ushanga wenyewe haukuwa pesa moja. Stanley, aliyesafiri nchi hii mwaka 1871, aliandika kwamba samesame nyekundu ilipokewa Unyamwezi pale ambapo aina nyingine zilikataliwa, na bubu nyeusi, iliyokuwa pesa halali kwa Wagogo, haikuwa na maana kwa makabila mengine. Soko la Ujiji lilikuwa na ushanga wake, sofi. Uvinza, jirani zetu hapa, walikuwa na chumvi, na chumvi ilinunua kila kitu. Mwenye msafara aliyekosea kuchagua ushanga alifika Malagarasi na mizigo mizito isiyoweza kununua unga wala kulipa hongo ya kuvuka mto, na aliyelala njaa kwanza alikuwa mpagazi.

Kwa hiyo faida ya pesa moja kwenye njia hii hakuna haja ya kutuhubiria. Tunaijua tangu zamani za mababu. Tunajua pia nini humpata mtu wa chini pesa inapobadilishwa na watu wenye haraka zao. Reli ya Wajerumani ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Vita ilipowakatia njia ya baharini, walikosa sarafu za kulipia watu, wakaanza kuzipiga wenyewe Lulanguru, karibu na Tabora, kwenye karakana ya reli. Walitengeneza heller 20 kwa shaba, na rupia 15 za dhahabu ya Sekenke zenye picha ya tembo, karibu 16,000. Pamoja na hizo waliendelea kutoa noti za karatasi. Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji waliingia Tabora. Aliyekuwa na tembo wa dhahabu alibaki na dhahabu yake. Aliyelipwa karatasi alibaki na ahadi ya serikali iliyokwisha kuondoka mjini, na sina shaka ni nani kati ya askari, wapagazi na maofisa aliyekuwa amelipwa karatasi.

Baada ya hapo tulikuwa na sarafu moja kweli. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa London Desemba 1919, ikaleta shilingi mwanzoni mwa miaka ya 1920, na Zanzibar ikajiunga 1936. Kwa zaidi ya miaka 40 shilingi ya Tabora ilikuwa ndiyo ya Kampala na Mombasa. Marehemu baba yangu alifanya kazi reli, wakati huo shirika likiwa moja kwa nchi zote tatu, na shilingi aliyopewa Tabora ilinunua Nairobi bila kupita kwa mbadilishaji. Nikiwa mdogo alinisimulia hayo kwa fahari, na fahari hiyo naielewa.

Umoja ule haukuvunjwa kwa kijicho kama wengine wanavyopenda kusema. Bodi ile ilikaa London kwa miaka mingi na ilitakiwa kuweka akiba ya pauni nyuma ya shilingi; haikuwa benki ya kuikopesha nchi changa ijenge barabara na viwanda. Tanganyika iliona viwanda vikijazana Kenya, ikajaribu kuzungumza, na makubaliano ya Kampala ya 1964 hayakusaidia. Juni 1965 mawaziri wa fedha walitangaza kwamba kila nchi itakuwa na benki kuu yake, na Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa tarehe 14 Juni 1966. Gavana wake wa kwanza, Edwin Mtei, alikuja kuwa Katibu Mkuu wa Jumuiya kuanzia 1974 hadi ilipokufa 1977. Mtu mmoja aliishuhudia shilingi yetu ikizaliwa na Jumuiya ikizikwa. Kugawana mali na madeni kulichukua hadi 1984, na wastaafu wa Jumuiya ile walikuwa bado wanaandamana Dar es Salaam kudai mafao yao katika miaka ya 2000. Ninapowaambia vijana kwamba kuvunja umoja ni ghali kuliko kuchelewa kuuingia, nina wazee wale kichwani.

Wapo wanaosema tukae na shilingi yetu, habari ya majirani tuachane nayo. Hao nawaalika waje Usinge msimu wa tumbaku. Mashamba yetu yanalimwa na vibarua wengi kutoka Kigoma na Burundi, wanaolipwa fungu kubwa msimu ukiisha. Kijana mmoja wa Kirundi alikuja dukani kwangu na ujira wake wote mfukoni. Alikuwa ameshanunua baiskeli, sola ndogo na vitenge, na sasa alitaka nimwambie kitu gani kingine kinachobebeka. Nikamuuliza, “Kwa nini usiende na pesa, mwanangu, ukanunue kwenu kwa raha?” Akaniambia, “Mama, faranga ikikaa mwezi sandukuni inapungua. Baiskeli haipungui.” Aliifunga sola kwenye kiti cha nyuma kwa mpira, akaikagua mara mbili, akaondoka.

Kwao Burundi bei ya dola ya benki na ya mtaani zimeachana mno, na mwaka 2023 mfumuko wa bei ulipita asilimia 20. Sudan Kusini mwaka 2024 ulipita asilimia 100. Goma, Kongo, ilitekwa na waasi wa M23 Januari 2025 na benki zikafungwa. Kongo na Rwanda, nchi mbili za Jumuiya moja, zinalaumiana kwa vita hivyo. Sitaki kumdharau jirani kwa shida aliyo nayo. Nataka tukubali kwamba sarafu ya nchi nane haitakuwepo 2031, na anayetuambia itakuwepo anatupotezea muda ambao tungeutumia kwa mambo yanayowezekana.

Na yapo mengi yanayowezekana. Mchele wa bonde la Malagarasi unakwenda Burundi na Kongo. Mfanyabiashara mdogo wa hapa anayeuza magunia kadhaa Kigoma kwa mteja wa Kalemie au Uvira analipwa dola za mkononi, na dola ikiwa na mchaniko wa upana wa ukucha, ng'ambo ya ziwa haipokewi tena, kwa hiyo anazikagua moja moja juani kabla hajatia mzigo kwenye boti. Anakatwa akibadilisha hapa, anakatwa akibadilisha kule, na usiku analala na fedha mwilini kwenye nyumba ya wageni. Mfumo wa Malipo wa Afrika Mashariki unaounganisha benki kuu umekuwepo kwa zaidi ya miaka 10, lakini ni njia ya benki na wafanyabiashara wakubwa. Hapa nyumbani Mfumo wa Malipo ya Papo kwa Papo umeunganisha mitandao yote ya simu na benki. Kutuma kwa simu kati ya Tanzania na Kenya kulianza tangu 2015. Vipande vyote vipo. Serikali ivifunge pamoja, mwenye simu ya kitochi hapa Usinge aweze kulipwa na mteja wa Bujumbura, faranga itoke kule, shilingi iingie huku, makato yawe ya mtu wa kawaida. Hilo halihitaji sarafu mpya wala jengo jipya. Badala yake miaka imepita nchi zikivutana nani awe mwenyeji wa Taasisi ya Fedha ya Afrika Mashariki, ambayo Bunge la Jumuiya lilipitisha sheria ya kuiunda tangu 2018.

Reli nayo haingoji. Mkataba wa reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma ulisainiwa Desemba 2022, na wa kutoka Uvinza hadi Musongati, Burundi, Januari 2025. Treni zitaanza kupita hapa na mizigo ya nchi mbili au tatu. Nani anapanga mzigo huo utalipiwaje?

Kuna upande wa noti zenyewe, ambao viongozi huuona mdogo. Mwanzoni mwa 2025 Benki Kuu iliondoa noti za zamani kwenye mzunguko, zile za 1985 hadi 2003 na ya shilingi 500 ya 2010, na muda wa kubadilisha ulikuwa kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili. Uamuzi ulikuwa wa haki na ulitangazwa. Jirani yangu, mama mfugaji wa nyuki mwenye umri mkubwa, alikuwa na noti za elfu kumi za zamani alizozifunga kwenye kipande cha kanga ndani ya debe la asali lililokauka. Alipata habari kwa mjukuu wake aliyekuja kutoka Tabora, muda ukiwa umebaki kidogo sana, akapanda gari akaenda benki na kurudi usiku. Alifanikiwa. Wakati huo zilikuwa noti chache za zamani tu, na sarafu yenyewe ilibaki ileile, shilingi kwa shilingi. Sarafu ya pamoja ikija, itakuwa noti zote za watu wote, na kila bei itapaswa kugawanywa au kuzidishwa kwa namba ngeni. Wachuuzi wa samaki wa Ziwa Sagara, wafugaji walioko porini na ng'ombe, wazee wa Ulyankulu waliokimbia Burundi 1972 na wengi wao wakapewa uraia wetu 2014: hawa wote akiba yao iko nyumbani. Muda wao usiwe miezi mitatu.

Kroatia ilipoingia kwenye euro Januari 2023, maduka yalilazimishwa kuandika bei kwa sarafu zote mbili tangu Septemba ya mwaka uliotangulia, ili mtu azoee na asidanganywe. Uingereza ilikuwa inafikiria tu kuingia, na hata hivyo waziri wake wa fedha Gordon Brown alitangaza vipimo vitano mwaka 1997, akarudi Juni 2003 na majibu: nchi haijafaulu, hatuingii. Mwingereza yeyote aliyetaka kujua vipimo ni vipi aliweza kuvisoma, na aliyetaka kupinga alijua anapinga nini. Sisi vigezo vyetu ni vinne, vyepesi kueleza kuliko vile vyao, na bado vimefungiwa kwenye taarifa za Kiingereza zinazosomwa na watu walewale.

Kwa hiyo naomba jambo lililo ndani ya uwezo wa Wizara ya Fedha mwaka huu huu. Kila vyama vya msingi vinapofanya mikutano mikuu, kabla wakulima hawajasaini mikataba ya msimu, ofisa wa wizara au wa Benki Kuu aje. Aende kwenye tumbaku huku, kwenye pamba Igunga na Nzega, kwenye korosho Mtwara, kwenye kahawa Kagera. Aje na karatasi moja ya Kiswahili yenye vigezo vinne na namba zetu za miaka mitatu iliyopita, tulipofaulu na tuliposhindwa, aisome kwa sauti kisha akae aulizwe. Wakulima wa tumbaku wamezoea hesabu za dola, madaraja na makato kwa miaka mingi. Hawatashindwa na asilimia.

Mimi mkutanoni nitaomba nafasi niulize moja tu. Benki Kuu ya Afrika Mashariki ikipandisha riba kwa ajili ya nchi nyingine, katika mwaka ambao tumbaku yetu imeanguka bei, mkulima wa Usinge atafidiwa kutoka mfuko upi, na nani atausaini?